Watunzaji wa Pwani Isiyo Yetu

SABATO MCHANA

Kwa kujifunza juma hili, soma: Mwanzo 2:15; Hesabu 3:5-8; Kumbukumbu la Torati 5:12-14; 22:6, 7; Kutoka 23:10-12; Yeremia 29:4-7; 32:6-15; Luka 14:5; 2 Petro 3:10-14; Ufunuo 11:18; 14:6, 7.

Fungu la kukariri: Mwanzo 2:15. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kila asubuhi juma hili, na uje ukiwa umelishika moyoni.

Kendwa ni kijiji cha wavuvi na watalii karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, kilomita chache kutoka Nungwi. Mchana pwani yake ni ya waogeleaji na wauza vinyago. Usiku ni ya taa na muziki wa hoteli. Lakini pwani za mchanga za Unguja zilikuwa na wageni wengine kabla hoteli ya kwanza haijajengwa. Hao ni kasa, ambao hupanda kutoka majini usiku, huchimba shimo, hutaga mayai, huyafukia na kurudi baharini kabla ya mapambazuko.

Jirani na Kendwa, mwaka 1993, wananchi wa Nungwi walianzisha Mnarani, mahali pa kutunzia kasa katika bwawa la asili linaloingiliwa na maji ya bahari. Kazi za namna hii zinahitaji mikono: kuokota plastiki ufukweni, kulinda viota, kupanda mikoko, kuwafundisha watoto. Mingi ya mikono hiyo hailipwi.

Sasa, mshiriki wa kanisa akialikwa kujitolea katika kazi hiyo, ajibu nini? Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba Bwana yu karibu kuja, dunia hii itateketea, na kazi yetu ni kuokoa watu, si mayai ya kasa. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaoipenda ahadi ya kurudi kwa Yesu. Juma hili tutaipima kwa Maandiko. Tutaona kwamba kutunza makazi ya viumbe ni sehemu ya kumwabudu Muumbaji, na kwamba kipimo chake ni uaminifu juu ya mali isiyo yetu, hata pale ambapo mavuno yatavunwa na wengine.

JUMAPILI
Kulima na Kutunza

Soma Mwanzo 2:15. Mungu alimpa Adamu kazi gani mbili katika bustani? Kisha linganisha na Hesabu 3:5-8.

Kabla ya dhambi, kabla ya jasho na miiba, mwanadamu alipewa kazi. Kazi hiyo inaelezwa kwa vitenzi viwili vya Kiebrania. Cha kwanza ni *abad*, chenye maana ya kufanya kazi na pia kutumikia. Cha pili ni *shamar*, yaani kulinda, kushika, kuangalia kwa makini. Katika Hesabu 3 vitenzi hivi viwili vinatumika kuhusu Walawi. Walitakiwa kulinda na kutumika katika hema ya kukutania. Kwa hiyo Mlawi aliyebeba mbao za hema na Adamu aliyeshughulika na miti ya bustani wanaelezwa kwa lugha moja. Wote wawili walihudumu mbele za Mungu.

Kuna mahali pengine ambapo vitenzi hivyo vinakutana, napo Mwadventista anapajua vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati 5:12, 13 tunaamriwa *kuishika* Sabato na *kufanya kazi* siku sita. Ni *shamar* na *abad* tena. Anayejua kuishika siku ya Bwana amekwisha kufundishwa neno linaloeleza jinsi ya kuitunza ardhi ya Bwana. Ingekuwa ajabu tuishike siku kwa uangalifu kuanzia machweo hadi machweo, kisha tukaiache ardhi iliyoumbwa katika siku zile sita iharibiwe mbele ya macho yetu.

Mfano mzuri wa *shamar* uko katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Mwamba wa matumbawe wa upande wake wa magharibi ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994 ukawa hifadhi. Waliopewa kuulinda walikuwa wavuvi wa zamani wa vijiji jirani. Hawabebi silaha. Kazi yao ni kumfuata mvuvi mwenzao aliyeingia mahali pasiporuhusiwa na kumweleza kwa nini samaki wanaozaliana hapo ni akiba ya nyavu zake mwenyewe. Mlinzi wa namna hiyo hulinda kwa maneno na kwa subira.

Tafakari: Katika Mwanzo 4:9 Kaini alikataa kuwa mlinzi wa ndugu yake, na neno alilotumia linatokana na kitenzi kilekile *shamar*. Kukataa kutunza bustani na kukataa kumtunza ndugu kuna uhusiano gani?

JUMATATU
Mama na Makinda Yake

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Msafiri aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa nini, na alikatazwa nini? Ni ahadi gani iliyofungwa kwenye amri hii?

Hii ni mojawapo ya amri ndogo kabisa katika torati. Mtu anatembea, anaona kiota, mama amelala juu ya mayai au makinda. Haruhusiwi kumchukua mama pamoja na watoto wake. Sababu yake ni rahisi kuiona: anayechukua vyote viwili anakata kizazi. Inashangaza kwamba kwa amri ndogo hivi Mungu ameahidi heri na siku nyingi, sawasawa na alivyoahidi kwa anayewaheshimu wazazi wake.

Kasa anapotaga yuko katika hali ya yule ndege wa kwenye torati. Akiwa majini huogelea upesi, lakini mchangani ni mzito na mwepesi wa kukamatwa. Mtu mmoja anaweza kumgeuza chali, na hawezi kujigeuza kwa urahisi. Anayemchinja hapo na kufukua mayai yake amechukua mama na makinda kwa usiku mmoja. Shimo moja huwa na mayai takriban 100, pengine zaidi, na huanguliwa baada ya karibu miezi miwili. Wengi wa vitoto huliwa na kaa, ndege na samaki. Wachache wanaobaki huchukua miongo miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuanza kutaga. Jike hurudi kutaga katika eneo la pwani alikozaliwa. Hivyo pwani iliyopoteza kasa wake haijazwi upesi na kasa wa kwingine.

Siyo kisu peke yake kinachovunja amri hii. Kitoto cha kasa kikitoka mchangani usiku hutafuta upande wenye mwanga ulio chini kwenye upeo wa macho. Kwa maelfu ya vizazi upande huo ulikuwa bahari, inayong'aa kwa mwezi na nyota. Siku hizi upande wenye mwanga huwa ni baa, barabara au uwanja wa hoteli. Kitoto hugeuka, hutambaa kuelekea nchi kavu, na asubuhi jua humkausha au kunguru humchukua. Kuzima taa moja inayoelekea baharini, kuifunika au kuishusha chini ni tendo dogo mno. Ndivyo ilivyo pia kuondoa viti vya ufukweni jioni ili mama asikwame, na kufukia mashimo waliyochimba watoto walipokuwa wakicheza.

Hapa ndipo kujitolea kunapoanza. Hakuhitaji elimu kubwa. Kunahitaji mtu aliye tayari kutembea pwani alfajiri, kuangalia alama za kasa mchangani, na kumjulisha anayehusika bila kukigusa kiota.

Tafakari: Kwa nini Mungu aliweka ahadi kubwa kwenye amri ndogo kama hii? Linganisha na Luka 16:10.

JUMANNE
Maskini na Mnyama wa Mwituni

Soma Kutoka 23:10-12. Katika mwaka wa saba, ni nani waliotajwa kula mazao ya shamba lililopumzishwa? Angalia mpangilio wao.

Kwanza anatajwa maskini, kisha mnyama wa mwituni. Mungu hakuwagombanisha. Amri moja iliwalisha wote wawili, na mwenye shamba ndiye aliyebeba gharama. Fungu hili ni muhimu kwa kila anayejitolea katika hifadhi, kwa sababu mara nyingi gharama ya kutunza viumbe humwangukia asiye na kitu.

Tuangalie Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Humo anaishi kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar. Watalii huja kutoka mbali kumpiga picha. Lakini kwa mkulima wa kando ya msitu, kima huyohuyo ni mla mazao. Ndiyo maana sehemu ya mapato ya wageni imekuwa ikirudishwa kwa vijiji na wakulima wanaopakana na msitu. Pale barabarani, ambapo magari yaliyokwenda kasi yaliwagonga kima wengi, yaliwekwa matuta na vifo vikapungua. Hatua hizi mbili zinafuata roho ya Kutoka 23: mkulima asisahauliwe, na mnyama asisahauliwe.

Baharini pia kuna pumziko. Katika Kisiwa Panza, Pemba, na mahali pengine visiwani, wavuvi wamekubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa muda, kwa kawaida miezi mitatu, bila kuvua pweza. Pweza hukua upesi, hivyo siku ya kufungua huvuliwa wakubwa zaidi. Lakini miezi hiyo mitatu ni mirefu kwa mama anayekwenda miambani maji yakitoka, akitegemea pweza mmoja kununua unga. Anayekuja kusaidia kulinda mwamba uliofungwa na aulize pia ni nini kilichomo chunguni mwa mama huyo.

Kisiwa hichohicho kilipata msiba mkubwa. Machi 2024 watu 9, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Nyama hiyo wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tusisimame juu ya makaburi ya watoto na kusema ni adhabu. Yesu alikwisha kulikataza wazo hilo katika Luka 13:1-5. Sisi tunaofuata Mambo ya Walawi 11 hatuli kasa, lakini kutokula kwetu hakumsaidii jirani ambaye hajawahi kuelezwa hatari. Elimu inayomlinda kasa ndiyo hiyohiyo inayomlinda mtoto.

Tafakari: Katika eneo lako, ni nani anayelipa gharama ya msitu, mto au pwani inayohifadhiwa? Kanisa linaweza kuchukua sehemu gani ya gharama hiyo?

JUMATANO
Amani ya Mji

Soma Yeremia 29:4-7. Wayahudi walikuwa wachache Babeli, mbali na hekalu. Mungu aliwaagiza wafanye nini?

Wapande bustani, na wautakie mji heri, kwa kuwa heri ya mji ilikuwa heri yao. Hawakuambiwa wangoje wawe wengi ndipo wasaidie.

Waadventista ni wachache sana Unguja. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao wanayo mafundisho yao kuhusu jambo hili. Kwao mwanadamu ni khalifa, aliyewekwa na Mungu kuwa mwangalizi wa viumbe. Katika Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kilichofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, mafundisho hayo yametumika kuwahimiza wavuvi kuitunza bahari. Tunapokwenda kufanya kazi pamoja nao, tusiende kama walimu wanaoleta jambo jipya. Tuwasalimu wazee, tumwone sheha, tuulize kazi gani inahitajika, tufanye tunachoambiwa. Wala tusiifanye fulana ya kanisa au kijitabu kuwa sharti la msaada. Huduma yenye mtego ndani yake si huduma. Kama mtu atauliza kwa nini tumekuja, tuwe tayari kumjibu kwa upole na heshima (1 Petro 3:15).

Kuna swali ambalo vikundi vyetu hukutana nalo mara kwa mara: mazoezi ya usafi wa pwani hupangwa Jumamosi. Tufanyeje? Soma Luka 14:5. Yesu alionyesha kwamba kumwopoa mnyama aliyeingia hatarini siku ya Sabato ni halali. Kasa aliyenaswa wavuni asubuhi ya Sabato hatasubiri machweo, naye aokolewe. Lakini kuokota taka na kupanda miche ni kazi inayoweza kungoja. Jambo la busara ni kwenda kwa waandaaji mapema, kuwaeleza imani yetu bila kulalamika, na kuomba sehemu ya kazi ifanywe Jumapili. Kisha tufike Jumapili hiyo kabla ya wengine, tuchukue eneo lenye taka nyingi zaidi. Watu wakiona Sabato yetu inatuongezea bidii katika siku nyingine sita, wataielewa kuliko tungewahubiria.

Tafakari: Je, majirani zako wanaijua Sabato kama siku unayokosekana tu, au pia kwa jinsi unavyotumika siku nyingine?

ALHAMISI
Kupanda Huku Tukingoja

Soma 2 Petro 3:10-14. Baada ya kueleza moto utakaokuja, Petro anauliza swali gani kuhusu mwenendo wetu? Soma pia Ufunuo 11:18 na 14:6, 7.

Sasa tunairudia ile hoja ya Sabato mchana. Ni kweli kwamba dunia hii itasafishwa kwa moto, na kwamba tunatazamia mbingu mpya na nchi mpya. Lakini Petro hatumii ukweli huo kuruhusu uzembe. Anautumia kudai utakatifu. Mpangaji aliyeambiwa kwamba mwenye nyumba anakuja kuijenga upya hapati ruhusa ya kuivunja milango.

Ufunuo 11:18 unakwenda mbali zaidi. Katika hukumu, walioiharibu nchi watatolewa hesabu. Na ujumbe wa malaika wa kwanza, tunaouhubiri kama ujumbe wetu kwa wakati huu, unawaita watu wamsujudie yeye aliyefanya mbingu, nchi, bahari na chemchemi za maji. Bahari imetajwa kwa jina. Hatuwezi kuutangaza ujumbe huo Kendwa kwa sauti kuu huku mifuko na chupa tulizotupa zikielea kwenye bahari iliyotajwa ndani yake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara mwaka 2019. Isiwe kwamba serikali inalitetea pato la Muumbaji kuliko wanaohubiri habari zake.

Soma Yeremia 32:6-15. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi. Yeremia alikuwa amefungwa, naye alijua mji utaanguka, maana mwenyewe ndiye aliyetabiri. Hata hivyo alinunua shamba kwa fedha taslimu, akaandika hati, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo. Ununuzi ule ulikuwa ushuhuda kwamba Mungu hajaiacha nchi ile.

Anayejitolea kutunza makazi ya kasa anafanya jambo linalofanana na hilo. Kitoto anachokiachia baharini leo, kikipona, kitarudi kutaga baada ya miaka 20 au 30. Mtu wa miaka 50 huenda asikione. Bwana akija kabla ya hapo, atamkuta mtumishi akifanya aliloagizwa (Mathayo 24:46). Bwana akikawia, mjukuu atamkuta kasa pwani. Hakuna hasara upande wowote.

Tafakari: Ni kazi gani njema uliyoiacha kwa kisingizio kwamba mwisho umekaribia?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi 104 yote, ukiandika kila kiumbe kilichotajwa na makazi aliyopewa. Soma pia Warumi 8:19-22 na Ayubu 39.

Vikundi vinavyotaka kuanza kazi vikumbuke mambo haya:

1. Ombeni mwongozo wa wahusika wa eneo: uongozi wa shehia, kamati ya wavuvi, na wasimamizi wa hifadhi. Sheria inawalinda kasa, na viota havihamishwi na mtu asiyefundishwa.

2. Msimulike kasa anayetaga kwa tochi wala simu. Kaeni mbali, kimya, mkae nyuma yake.

3. Mikoko ipandwe mahali ilipokuwapo zamani na maji yanapopanda na kushuka vizuri. Ikipandwa popote pale ili tu kupata picha, hufa. Rudini kuikagua baada ya mwezi, na baada ya mwaka.

4. Chagueni kazi ndogo mtakayoifanya kila mwezi. Pwani husafishika kwa mkono unaorudi.

5. Wapeni watoto na vijana sehemu halisi ya kazi, kwa kuwa wao ndio watakaokuwapo kasa wa leo watakaporudi.

Maswali ya kujadili:

1. Ndugu mmoja anasema, "Fedha na muda tunaotumia kwa wanyama vingetosha kumhubiria mtu mmoja zaidi." Mtamjibu nini, kwa upole na kwa Maandiko? Kuna ukweli gani katika hofu yake?

2. Mshiriki wenu anafanya kazi katika hoteli ambayo taa zake huelekea baharini usiku kucha. Si yeye mwenye hoteli. Anaweza kufanya nini bila kuhatarisha ajira yake, nanyi mtamsaidiaje?

3. Jadilini tofauti kati ya kumiliki na kutunza. Zaburi 24:1 inabadilishaje maana ya maneno kama "shamba langu" au "pwani yetu"?

4. Kabla hamjatawanyika, kubalianeni juu ya mahali pamoja pa kutunza katika robo hii: ufukwe, kijito, kichaka au kiwanja cha kanisa. Andikeni siku, na jina la atakayewakumbusha. Kisha mwombeni Mungu awape uaminifu wa kuendelea hata pale ambapo hakuna anayewaona isipokuwa yeye.